Lumbesa ya Rangi

Mtu akikuonyesha ramani kumi na mbili kwa mpigo, mpongeze kwa bidii yake, kisha muulize swali moja tu: bluu ya hii na bluu ya ile ni ndugu, au wamekutana hapo ukutani? Akianza jibu lake kwa neno "kimsingi", funga daftari. Hapo hakuna ramani, kuna mapambo.

Nasema haya kwa uchungu. Kazi yangu mimi ni kuandika mihtasari ya vikao. Wenzangu wakisinzia, mimi siruhusiwi. Wenzangu wakielewa nusu, mimi natakiwa nielewe yote, maana Mheshimiwa Mwenyekiti atasoma nilichoandika na kuuliza ni nani aliyesema upuuzi huu, na jibu halitakuwa "projekta". Katika mambo yote yanayomtesa mwandishi wa mihtasari, ukimwacha yule mjumbe anayesema "naunga mkono hoja" kisha akatumia robo saa kuipinga, hakuna linaloshinda ramani za rangi.

Huku kwetu kanda ya kati tulikaa kikao cha tathmini ya mvua. Kijana wa takwimu, mtanashati, kompyuta yake ina stika nyingi kuliko daladala, akatuwekea ukutani ramani za mwaka mzima, Januari hadi Desemba, nne nne kwa mstari. Ni zile za kontua zilizojazwa rangi: mistari inaunganisha sehemu zilizopata mvua sawa, na nafasi kati ya mstari na mstari inapakwa rangi. Bluu kali ni mvua nyingi, nyeupe ni mvua kidogo. Ukumbi mzima ukasema "aaah". Zilipendeza kweli. Ungeweza kuzichapa kwenye kitenge.

Ukaja mjadala. Mjumbe mmoja, mwepesi wa kupendekeza, alikwisha kutoa hoja kwamba kata moja ipelekewe mbegu za muda mfupi ili iitumie ile mvua yake ya Septemba. Hoja ikaungwa mkono. Kalamu yangu ilikuwa hewani. Ndipo diwani wa kata hiyo, mzee wa mifugo, akanyoosha mkono.

"Mtaalamu, mwanangu, ile ramani ya kwanza, mstari wa chini, ni mwezi gani?"

"Septemba, mzee."

"Na hapo penye bluu kali ni kwangu?"

"Ndiyo, mzee. Ni kata yako."

"Na ile ya juu kabisa, ya kwanza?"

"Januari, mzee."

"Nayo kwangu ni bluu kali."

"Ndiyo, mzee."

"Januari daraja letu lilikwenda na maji. Septemba nilikuwa nawanunulia ng'ombe maji kwa dumu. Sasa mwanangu, hizi bluu mbili baba yao mmoja?"

Kijana akausogelea ukuta. Pembeni ya kila ramani kulikuwa na ufunguo wake, kijipande chembamba cha rangi chenye namba za kusomwa na siafu. Akakodoa macho, akasoma: bluu kali ya Januari, milimita 240. Akashuka mstari wa chini, akasoma tena, safari hii kwa sauti ya msibani: bluu kali ya Septemba, milimita 4.

Milimita nne! Vumbi la kwetu likipewa milimita 4 linageuza ubavu tu na kuendelea kulala. Na hilo wala halihitaji kompyuta. Kila mtoto wa Dodoma na majirani zake anajua kwamba mvua inaingia Novemba au Desemba na kuaga Aprili, na kwamba kuanzia Juni hadi Septemba ukiona wingu ni la kupita. Ramani ndiyo ilikuwa haijui. Au tuseme ilijua, ila ilivaa nguo ya kuazima.

Wakati wa chai nilimfuata kijana, sambusa mkononi, nikitaka kujua ugonjwa unatokea wapi. Jibu lake ni lile lile la vijana wote wa ofisini siku hizi: "Programu, mzee."

Basi nikajifunza jinsi programu inavyofanya. Ukiipa takwimu za Septemba peke yake, inatafuta namba ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote ndani ya Septemba hiyo hiyo. Ndogo inapewa rangi ya mwanzo, kubwa inapewa rangi ya mwisho, zilizobaki zinagawana zilizo katikati. Ukimaliza ukaipa Januari, inasahau habari za Septemba na kuanza upya: ndogo ya Januari, kubwa ya Januari, rangi zile zile. Kwa hiyo kila mwezi, hata mwezi maskini wa Mungu, lazima uwe na tajiri wake. Ukiiacha ijiamulie, kompyuta haitakuambia "hapa hakuna kitu". Itachukua hicho kisicho kitu, ikivute mpaka kijaze rangi zote, kisha ikutabasamie.

Mtu yeyote aliyewahi kuuza vitunguu anaujua mchezo huu. Unaitwa lumbesa. Gunia ni gunia kwa jina. Mmoja anafunga mdomo sawasawa, mwingine anashonea juu yake kichuguu kizima na bado analiita gunia moja. Mkulima anahesabu magunia, mnunuzi anahesabu faida. Serikali ilichoka mchezo huo, ndiyo maana Sheria ya Vipimo inataka mazao yaliyofungashwa yasizidi kilo 100, na maofisa wa Wakala wa Vipimo wanazunguka minadani kukagua. Ila kwenye ukumbi wa mikutano hakuna ofisa wa vipimo. Mtu anaingia na magunia kumi na mawili ya bluu, moja lina 240, jingine lina 4, na sote tunapiga makofi.

Mwenye kudhani haya ni mambo ya mvua tu, na ajaribu kwenye milima. Chukua ramani ya mwinuko ya Kilimanjaro na ramani ya mwinuko ya Unguja, ziweke ubavu kwa ubavu, na uiache programu ichague. Kule Kilimanjaro nyeupe ya theluji itakaa Kibo, mita 5,895, panapostahili. Kule Unguja, ambako kilima kirefu hakifiki hata mita 150, theluji hiyo hiyo itawashukia watu wa Masingini, wakiwa na karafuu zao na jua la saa saba. Kwa ramani ile, mtalii angebeba koti zito kupandia kilima cha Masingini.

Wala si lazima uwe mtu wa ramani. Fungua Excel, mpe meneja jedwali la mauzo, mwambie alipake rangi kwa ile amri ya kijani juu na nyekundu chini. Akipaka duka la mjini peke yake na kigenge cha stendi peke yake, kila jedwali litapata kijani chake, kwa sababu Excel nayo, ikiachwa, inaangalia kubwa na ndogo ndani ya eneo ulilochagua tu. Siku ya kikao mwenye kigenge atasimama kifua mbele, kijani kama mchicha, amdai mwenye duka heshima. Na bosi, ambaye husoma rangi kwa sababu namba zinamuumiza kichwa, atampa.

Wazee waliozianza hizi ramani hawakuwa na shida hii. Edmond Halley alipochapisha mwaka 1701 ramani ya bahari ya Atlantiki kuonyesha jinsi dira inavyopotoka kutoka kaskazini ya kweli, alichora mistari inayounganisha sehemu zenye mpotoko sawa na kuandika namba kwenye mistari. Alexander von Humboldt mwaka 1817 alifanya hivyo hivyo kwa joto: mstari na nyuzi zake. Mstari ulioandikwa 10 hauwezi kukudanganya kwamba ni 200. Upumbavu wa kisasa ni kuweka rangi na kufuta namba, eti ramani ipumue. Ramani ikishapumua, msomaji ndiye anayekosa hewa.

Turudi kwenye sambusa. Kijana hakuwa mjinga, alikuwa na hoja. "Mzee, nikizipa zote kipimo kimoja, Juni mpaka Septemba zitakuwa nyeupe tupu. Haitaonekana kitu."

Nikamwambia, mwanangu, hicho ndicho kitu chenyewe. Miezi minne haina mvua. Basi ionekane haina mvua. Huo weupe ndio habari niliyotakiwa kuandika. Mfugaji akiona ramani nne nyeupe zimefuatana ataelewa kabla hujafungua mdomo, na afisa mipango ataanza kutafuta fedha za malambo badala ya mbegu.

Lakini nakubali kwamba kuna mahali hoja yake ina miguu. Ukigawa rangi sawa kwa sawa kutoka 0 hadi 300, manyunyu yote yanamezwa kwenye ngazi ya kwanza, na yapo manyunyu yenye maana, hasa kwa mwenye mtama uliokwisha chanua. Dawa yake ni kuzipanga ngazi zisiwe sawa, kama wafanyavyo watu wa hali ya hewa tangu zamani: 0, 1, 5, 10, 25, 50, 100, 150, 200, 300. Hapo milimita 4 za Septemba zinapata rangi yake hafifu ya unyonge, milimita 240 za Januari zinapata bluu yake ya kuvunja daraja, na kila mmoja anakaa kwenye kiti chake. Ila ngazi ziwe hizo hizo kwa ramani zote kumi na mbili. Ukimpa kila mwezi ngazi zake umerudi kwenye lumbesa.

Kijana akafungua kompyuta palepale kwenye meza ya chai, akasogeza sahani ya maandazi. Anatumia programu ya Matplotlib. Akanionyesha jambo ambalo limewachanganya wengi kuliko mimi. Kuna wanaosikia ushauri wa kipimo kimoja, wakafunga tu mwanzo na mwisho wa rangi, zile vmin na vmax, wakadhani wamemaliza. Rangi zitalingana, kweli, lakini mistari ya kontua bado kila ramani inajichagulia: hii inachora kila milimita 40, ile kila nusu milimita. Na ufunguo wa pembeni nao unaanzia na kuishia kwenye mistari ya ramani yake, si kwenye ile mipaka uliyoiweka. Ukiipa programu idadi tu, useme "nipe ngazi kumi", kila mwezi utapewa kumi za kwake. Unachotakiwa kuipa ni orodha yenyewe, namba kwa namba, iandikwe mara moja juu ya faili, na ramani zote zichote hapo. Namba zinazozidi mwisho wa orodha zipewe rangi yake maalumu na ufunguo uchongwe ncha ya mshale, ili mtu ajue kuna waliopitiliza. Wenzetu wa R wanaotumia ggplot2 wamebahatika kidogo: ukiigawa picha moja kwa miezi, yenyewe inawapa wote kipimo kimoja bila kuombwa. Wa MATLAB wanayo amri ya kufunga rangi, iliyokuwa ikiitwa caxis na tangu toleo la kwanza la 2022 inaitwa clim. Jina lilibadilishwa, lakini uvivu wa kuitumia umebaki pale pale.

Kwa nini namba ziandikwe na mtu, zisitafutwe na mashine kwenye takwimu zote kwa pamoja? Kwa sababu ya kituo cha zahanati. Daima kuna kituo fulani cha kupimia mvua ambako nukta ya desimali huanguka njiani. Mwangalizi ameandika mvua ya siku moja, 18.50, anayeingiza kwenye kompyuta akabonyeza 1850. Mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kuthibitishwa duniani ndani ya saa 24 ni milimita 1,825, ilinyesha kisiwa cha Réunion Januari 1966, na tena kwa msaada wa kimbunga. Kwa hiyo zahanati yetu imevunja rekodi ya dunia bila hata mtu kulowa. Ukiiacha mashine itafute kubwa kuliko zote, itaichukua hiyo 1850, itaipa bluu kali peke yake, na mkoa mzima pamoja na daraja lililokwenda utapauka kwenye rangi mbili za mwanzo. Kipimo kimoja kibovu ni kipimo kibovu mara kumi na mbili. Kwanza safisha takwimu, halafu pima.

Ziko pia zile ramani za "juu ya wastani" na "chini ya wastani", ambazo kila msimu hujaa mikononi mwetu. Hizo zina sheria ya ziada: sifuri ikae katikati kabisa, penye nyeupe, na pande mbili ziende umbali sawa, kahawia kwa upungufu na kijani kwa ziada. Niliwahi kuletewa moja iliyoanzia upungufu wa 20 ikaishia ziada ya 180, rangi zikagawanywa tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyeupe ikaangukia kwenye ziada ya 80. Watu waliopata mvua nyingi kuliko kawaida yao walipakwa kahawia, ukame mtupu. Mjumbe wao aliondoka anadai chakula cha msaada, na ukimtazama ukutani ana haki.

Kama unadhani nadai makubwa, tazama walichofanya watu wa hali ya hewa wa Australia Januari 2013. Joto lilikuwa linaelekea kupita nyuzi 50 za Selsiasi, na kipimo chao cha rangi kilikuwa kinaishia hapo hapo 50. Wangeweza kukivuta, nyeusi iliyokuwa ya 50 ikasogea kidogo, mambo yakaisha. Hawakufanya hivyo. Waliongeza rangi mpya juu yake, zambarau na waridi, mpaka nyuzi 54. Rangi zote za zamani zikabaki na maana yake, na mtu akachukua ramani ya mwaka wa nyuma akailinganisha na ya siku hiyo bila kuhitaji mkalimani. Huo ndio ustaarabu. Rangi ukishaipa maana mbele ya watu, huwezi kuinyang'anya kimyakimya kwa sababu mwezi umebadilika.

Na tukiwa bado kwenye rangi, niseme neno moja kuhusu upinde wa mvua, kisha niuache. Ile paleti ya bluu, kijani, njano, nyekundu iliyotawala ramani za dunia kwa miaka mingi ina tabia ya kuchora mipaka pasipo na mpaka, kwa kuwa jicho linaruka njano inapoanza. MATLAB waliacha kuitanguliza mwaka 2014, Matplotlib mwaka 2017. Ofisini kwetu bado inakula mshahara. Wapo pia wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, na katika kikao kilichojaa wanaume, kama vilivyo vikao vyetu vingi, huenda mmoja wao yumo. Hatakuambia. Atapiga kura tu.

Basi ndugu mtaalamu, shika hili. Ramani ukiziweka peke yake, kila moja kwenye ukurasa wake, na nia yako ni kuonyesha mvua imesambaaje ndani ya mwezi ule tu, jichagulie kipimo unachotaka, ila andika juu kwa herufi kubwa kwamba rangi hizi si za kulinganisha na mwezi mwingine. Ukizipanga pamoja ukuta mmoja, tayari umetuambia tulinganishe, hata kama hukutamka. Hapo weka orodha moja ya ngazi, ufunguo mmoja mkubwa kwa ramani zote, namba za kusomeka na mzee asiye na miwani, na kipimo kiandikwe: milimita. Funguo kumi na mbili ni dalili kwamba mtu hakuamua.

Nawe mjumbe mwenzangu, acha kusoma rangi kwanza. Soma namba. Ukikuta namba za ufunguo huu si za ufunguo ule, nyoosha mkono kabla ya kuunga mkono chochote, hata kama posho imekwisha sainiwa na gari linangoja nje.

Kwa upande wangu nimekwisha kuamua. Ramani zitakazoletwa na kipimo kimoja nitaziandika kwa heshima zote, kata kwa kata, milimita kwa milimita. Zitakazokuja kila moja na lumbesa yake, muhtasari utasomeka hivi, na Mheshimiwa Mwenyekiti atie sahihi: "Wajumbe walionyeshwa picha."